Fundi Kimya Anataka Sauti Yangu

9 Februari

Mwanangu Sikio,

Nakusalimu mara moja kwa niaba yangu na mara ya pili kwa niaba ya Mama Mdogo wako, aliyekaa hapa mezani anachungulia ninachoandika. Hujambo? Unakula? Unalala pakavu? Sisi tuko salama, isipokuwa mguu wa meza umelegea tena na paka wa jirani amezaa chini ya kitanda chako. Sikumfukuza. Mzazi hafukuzwi.

Simu yangu usiihangaikie. Ilitumbukia kwenye ndoo ya kupigia deki ikafa palepale. Tuandikiane tu, maana na wewe umesema huko mliko mwongozaji wenu amekusanya simu za watu wote akazifungia sandukuni mpaka Jumapili. Herufi zangu unazijua, zinatembea kama kuku waliotishwa, lakini zinafika.

Niliposikia kwamba mtu aliyekuchukua kazini ni Fundi Kimya, nilikaa chini. Fundi Kimya mwenyewe! Nikaenda kumwambia fundi wa mashine pale kwenye jumba letu la sinema, akacheka: "Mama Fagio, kumbe mwanao ameenda kwa bwana wako!" Nikamwambia shika adabu yako na mashine yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwapanga waongozaji wa filamu za kutisha? Majina yao mimi sikuwahi kuyasoma, yanapita upesi kuliko macho yangu. Na tena nilikuwa naingia ukumbini filamu ikikaribia kwisha, nasimama nyuma na fagio, nangoja taa ziwake. Miisho ninayo tele kichwani, mianzo sina hata mmoja. Wewe ulikaa kwenye ngazi na begi la shule, umefumba macho kwa woga, unasikiliza tu. Ndiyo maana ukawa Sikio.

Basi waongozaji tukawabatiza wenyewe na kuwapima kwa sakafu. Mzee Damu, bisi zimemwagika mpaka mlangoni, watu wameruka na kucheka, nafagia hadi kiuno kinalia. Mama Maji, yule asiye na filamu bila kisima au bafu, huyo watu walisahau viatu, maana walikuwa wamepandisha miguu vitini. Kijana wa Sayari, wa watu wenye vichwa kama vyungu, chingamu zimebandikwa kila kiti. Lakini Fundi Kimya, sakafu safi. Mifuko ya bisi imebaki vitini imejaa, mtu hakupeleka mkono mdomoni. Nikasema, huyu ndiye. Anayekutisha kweli anakusahaulisha kula.

Sasa mtu huyo yuko na mwanangu. Anawatisha na nyinyi? Watu wa kazi hizo jioni wanakuwaje? Usinifiche.

Ukisikia kwa Mama Mdogo kwamba nakohoa, ni vumbi la ukumbi. Koo linakwaruza kidogo tu. Nakunywa maji ya moto.

Mama yako

2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imekuja na lori la mizigo, chini ya magunia ya mkaa, inanuka moshi. Nakula. Nalala pakavu. Msalimie Mama Mdogo, mwambie aache kuchungulia.

Fundi Kimya hatutishi. Hajui hata kama ana jina hilo. Ni mtu mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwikoni, na kabla ya kurekodi kila onyesho anawaomba waigizaji radhi, kama daktari wa meno. Siku ya kwanza alinivalisha hedifoni masikioni akaniuliza, "Nyumba hii inasikikaje?" Nikamwambia inasikika kama nyumba ambayo mtu ametoka sasa hivi. Hajaniuliza tena kitu kuhusu kazi yangu ya kunasa sauti, ananiachia.

Hadithi ni hii. Msichana yuko peke yake nyumbani, mama yake amezikwa. Kila alasiri sauti ya mama inamwita mlangoni, inamwambia afungue. Hafungui. Hakuna damu, hakuna jini. Ni mlango na sauti.

Na sauti ndiyo hatuna. Wamekuja waigizaji wazuri, wote wanajitahidi kutisha. Yeye anawaambia, "Asante sana," maana yake hapana. Juzi akanigeukia: "Wewe mama yako alikuwa anakuitaje?" Nikamwigizia ulivyokuwa ukirudi kazini na ndoo na mifuko, huwezi kushika kitasa: "Fungua mwanangu, mikono imejaa!" Akasema, "Tunaweza kumpata?"

Mama, kinasa sauti changu cha zamani kiko kabatini. Bonyeza kitufe chekundu, sema maneno hayo kama ulivyokuwa ukisema, halafu tia kile kikadi kidogo kilichomo ndani yake kwenye bahasha. Hakuna zaidi.

Koo vipi? Wewe ukisema "kidogo tu" mimi nachanganyikiwa. Hata paa lilipotoboka ulisema kidogo tu.

Sikio wako

20 Machi

Mwanangu Sikio,

Marahaba, na Mungu akuongoze. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja ana sikio jeusi, tumempa jina lako. Meza nimeiwekea gazeti chini ya mguu, sasa inalegea upande wa pili.

Kuhusu hilo la sauti, mwambie Fundi Kimya nimeshukuru kukumbukwa, ila hapana. Sauti ya mtu si sufuria ya kuazimana. Leo nampa marehemu, kesho akikataa kurudisha nimdai wapi? Mama Mdogo ananiita mshamba. Nikamuuliza, wewe ungempa? Akaangalia dirishani.

Halafu mtu ambaye ukimya umempa mkate miaka yote hii, leo anataka sauti ya nini? Na hicho kinasa sauti nimekitafuta, hakimo.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu nisome barua yako, nafagia nalo, nalala nalo. Huyo msichana anaitwa na mama yake mzazi. Kwa nini hafungui? Mtoto gani huyo?

Chumba chako kina dirisha? Linafungwa kwa ndani?

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dirisha lipo na linafungwa. Kinasa sauti kiko chini ya shuka la maua, nimekiweka kwa mkono wangu.

Hafungui kwa sababu anajua mama yake amekufa. Si wewe uliyenifundisha? Ulikuwa ukiniambia kila siku ukienda kazini: "Kwenye filamu, anayefungua mlango hafiki mwisho." Nimekua na sentensi hiyo.

Fundi Kimya anakungoja wewe. Amesimamisha kazi ya sauti, na hata kuniuliza anaona haya.

Jambo jingine. Jumapili tunarudishiwa simu na kupelekwa penye mtandao. Nilimpigia Mama Mdogo nikaomba kusema na wewe, akasema umetoka. Jumapili nyingine nikapiga, akasema umelala. Tangu lini wewe unalala mchana?

Sikio

29 Aprili

Mwanangu,

Haya, umeshinda. Kikadi hiki hapa. Nimeyasema maneno mara kadhaa, mchague yatakayowafaa. Wewe usisikilize sana, mpe Fundi aendelee na kazi yake, asije akasema tumemchelewesha.

Mama Mdogo anakusalimu. Paka mwenye jina lako ameanza kupanda pazia. Sote wazima.

Mama yako

17 Mei

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni hiyo tu.

Hii si sauti yako. Ni ya Mama Mdogo. Najua mmefanana, hata baba alipokuwa hai alikuwa akimwitikia yeye akidhani ni wewe. Lakini mimi, mama? Mimi mnanidanganya kwa sauti? Ni sawa na kumficha mbuzi majani mdomoni mwake. Mama Mdogo anavuta pumzi kabla ya "fungua". Wewe huvuti. Wewe huanza kusema ndoo ikiwa bado mkononi, na neno la mwisho linashuka pamoja na ndoo.

Fundi Kimya ameipenda, alisema tuitumie. Nilimwomba aniachie kikadi kwanza. Nikafungulia sauti mpaka mwisho wake.

Nyuma ya Mama Mdogo kuna mtu mwingine chumbani. Hasemi. Anapumua. Pumzi inakwaruza kama mlango uliovimba kwa mvua. Kuna mahali mtu huyo anataka kukohoa, anajizuia.

Nimekuwa kwenye kazi za kutisha watu tangu nimalize shule na sijawahi kuogopa namna ile. Nilivua hedifoni nikatoka nje, mchana kweupe, nikasimama na wapishi.

Mama, una nini?

Sikio

6 Juni

Mwanangu, mama yangu, Sikio langu,

Hujambo? Mimi leo siandiki kwamba sote wazima.

Nilimwambia Mama Mdogo, huyu mtoto atatukamata. Akasema atatukamatia wapi, yuko mbali. Sasa amekaa pale kwenye kochi kama mwizi aliyesikia mwenzake akitajwa.

Ni uvimbe. Uko kooni, kwenye nyuzi za sauti. Simu haikutumbukia kwenye ndoo, mwanangu. Simu iko juu ya kabati, inanitazama. Sauti ninayotoa siku hizi si ya kumsikilizisha mtu anayejua kusikiliza. Daktari anasema uvimbe ukiachwa utashuka uzibe pumzi. Ukitolewa nitapumua, ila sauti yaweza kuondoka nao. Alinichorea koo langu, likaonekana kama bomba la sinki. Nikamwambia, daktari, mimi miisho nimeiona mingi, wewe niambie tu huu ni wa mwongozaji gani. Akadhani nimepata homa.

Mara ya kwanza niliyopangiwa kupasuliwa, nilifika mpaka kwenye benchi. Nesi akaita jina langu. Nikamjibu, "Huyo ametoka kidogo." Nikachukua pochi yangu nikarudi nyumbani.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi uje. Na Fundi Kimya tulimngoja mimi na wewe tangu miguu yako haijafika chini ukikaa kwenye kiti. Kufa naogopa kama watu wote. Lakini kinachonigeuza kitandani ni kingine: nitakuitaje? Tangu uzaliwe kazi yangu ni kukuita. Njoo ule, vaa sweta, toka kwenye mvua, fungua mlango. Nikinyamazishwa nitakuwa mama wa namna gani?

Basi jana nilijaza ndoo maji, maji ya kweli, nikashika na mifuko, nikatoka nje nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe. Mama Mdogo ndani ameshika kile kidude. Nikaita. Sauti imetoka mbovu, inakatika, mahali pengine haipo kabisa. Paka wote walikimbia. Jirani akachungulia, "Kuna nini?" Lakini ni yangu, na ndoo utaisikia. Kikadi kimo humu.

Ila nina sharti, umfikishie Fundi Kimya kwa heshima zake zote. Msichana afungue. Najua nilikufundisha kwamba anayefungua hafiki mwisho. Nilisema hivyo usije ukafungulia watu nikiwa kazini, ulikuwa mdogo kama kiroba! Sikuwa najisema mimi. Akikuita mama yako, unafungua. Akikuta mtu, akikosa mtu, hilo namwachia Fundi, yeye ndiye mwenye miisho. Lakini asimwache mama wa watu anaita na mikono imejaa mpaka taa ziwake.

Barua hii naitia posta asubuhi nikielekea hospitali. Ukiisoma watakuwa wameshanipasua, kwa hiyo usipande lori. Nimepanga hivyo makusudi. Usinune.

Mama yako

24 Juni

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimenuna. Na lori nimepanda hivyo hivyo, na simu niliyoidai sandukuni, mpaka mahali penye mtandao, nikampigia Mama Mdogo nimesimama katikati ya magunia ya vitunguu, machozi yananitoka na dereva akadhani ni vitunguu.

Akasema umetoka salama, unapumua, na umeshagombana na nesi kwa maandishi. Nikamwambia, "Mpe simu." Akakupa. Nikakusikia. Haikwaruzi tena, mama. Tulikaa hivyo, wewe unapumua, mimi napumua, mpaka salio likaisha.

Kabla ya hapo alinisomea ulichoandika kwenye kiganja chake: nisije mpaka filamu iishe. Haya. Nimetii, lakini nimenuna.

Fundi Kimya amesikiliza kikadi chako. Alianza amesimama, akamaliza amekaa chini juu ya nyaya. Hakumwomba mtu radhi. Nikampa sharti lako. Akasema, "Akifungua, woga umekwisha. Watu watarudi nyumbani wamepona." Nikamjibu, "Asipofungua, sauti inarudi kwa mwenyewe." Wenzangu waliniangalia kama nimemtukana baba mkwe. Akaondoka kwenda kutembea. Aliporudi akapiga picha za miisho miwili, mmoja msichana anafungua, mmoja hafungui. Atauweka upi, hasemi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Sikio

3 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya mistari mitatu. Nimefurahi umerudi kazini, ingawa ungepumzika. Paka Sikio asile samaki mwenye miba.

Filamu imekwisha. Sauti nilipeleka mwenyewe, miisho yote miwili, Fundi akaamue huko anakoiunganisha filamu. Wenzangu wengi wameondoka. Mimi nimebaki, kuna vikazi vidogo vidogo: nyaya za kukunja, vipaza sauti vya kufuta vumbi. Labda mwezi ujao nitakuja. Labda ule mwingine. Usiningoje.

Kikadi chako ninacho. Nakisikiliza asubuhi kabla ya chai.

Sikio

18 Oktoba

Mwanangu Sikio,

Nakusalimu kwa mkono, maana ndio uliobaki. Hujambo? Umepata sweta nililokutumia? Koo limepona vizuri, kovu ni jembamba, Mama Mdogo anasema ni kama mkufu. Nikimtaka nagonga kijiko kwenye kikombe. Jana alisema nikigonga mara ya tatu atahama.

Filamu yenu imefika kwenye ukumbi wetu.

Fundi wa mashine alinikatalia kusimama nyuma. Alinishika mkono akanikalisha katikati, kiti ambacho nimekifuta maisha yangu yote na sijawahi kukikalia. Mama Mdogo akatununulia bisi. Taa zikazimwa, na kwa mara ya kwanza nikaona mwanzo. Kumbe mianzo ni mizuri! Watu wanakunywa chai, jua linawaka, hakuna anayejua kitu.

Mbele yetu kulikuwa na vijana wawili wenye midomo. Sauti ilipoita mara ya kwanza mmoja akasema, "Mimi ningehama." Mwenzake akamwambia, "Uhame na kodi ya nani?" Watu wakacheka. Ilipoita mara ya pili hawakucheka sana. Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Mfungulie mwenzio jamani, mikono imejaa!" Mama Mdogo akanifinya paja. Mimi nilikuwa nimejishika koo bila kujua.

Na msichana akainuka, mwanangu. Akaenda. Nikasema moyoni, hataenda, Fundi ni mkaidi, atamsimamisha kwenye kitasa. Akafungua.

Hapana mtu. Ni ndoo, pale kizingitini, imejaa, na maji bado yanacheza.

Halafu ukaja ule ukimya. Maji yakatulia, na sauti haikuita tena, na sisi sote tumekaa tunangoja iite. Ukumbi mzima, mwanangu, watu wazima, wanangoja kuitwa. Nimeujua ukimya wote wa Fundi Kimya, huu haukuwa wake. Huu ulikuwa na pumzi ndani, ndogo, mtu anapumua vizuri. Nikajua ni wewe umeutia. Ndio ule wa kwenye simu.

Taa zilipowaka hakuna aliyesimama. Mimi kwa mazoea nikainama kuangalia chini. Sakafu safi. Mifuko imejaa, safu kwa safu. Na wangu uko mapajani, sikula hata punje. Yule mama wa nyuma alikuwa analia, anamuuliza jirani yake, "Huyo mwenye sauti ni nani?" Niko mbele yake hapo. Nikatabasamu tu.

Sasa jambo lenyewe. Fundi wa mashine ameniambia kwenye onyesho la kwanza Fundi Kimya alikuja na watu wake wote, wakapanga mstari, wakapigiwa makofi. Wewe hukuwepo. Ulikuwa unakunja nyaya. Nyaya gani hizo zisizokwisha, mwanangu? Umeniuliza mengi mwaka huu na mimi nikakuficha, lakini na mimi nimesimama nyuma ya ukumbi miaka mingi. Mtu anayeizunguka nyumba bila kuingia, najua anaogopa nini. Haogopi kilichomo. Anaogopa kuikuta kimya.

Ni kimya kweli, sikudanganyi. Lakini ni kimya chenye chai. Kikadi hicho kiweke mahali pakavu, kisha uje.

Na ukifika, usipige hodi ukasimama kungoja karibu. Haitakuja, nawe utadhani simo. Nimo. Mlango sifungi mchana. Weka mizigo chini, ufungue.

Mama yako